Udongo wa Kona ya Chini

Mzee Theodory, mwenye shamba letu la farasi, ameniagiza niandike maisha ya Maulida, kurasa chache tu, zichapwe kwenye kijitabu tunachowagawia wageni siku ya mbio za farasi. Yeye mwenyewe atazisoma kwenye kipaza sauti kabla farasi hawajapanga mstari. Watu wote wa shamba hili wapo, kanichagua mimi. Eti hakuna anayemjua Maulida kama Anyesi. Hapo kasema kweli. Mtu uliyemwonea wivu miaka kumi na minne unamjua hata anavyopiga chafya.

Maulida anaacha kazi mwaka huu kwa sababu ya magoti. Siku hiyohiyo, haya yakishasomwa, Mzee Theodory atatangaza nani anachukua nafasi yake ya kupanga uzito wa farasi. Ameshaninong'oneza kwamba ni mimi. Kazi hiyo nimeingoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Kwa hiyo anayeandika hapa ni mtu mwenye cha kupoteza, mjue mapema.

Nianze na yale yanayotakiwa. Maulida binti Abdulkarim alizaliwa Majengo, hapa Moshi mjini, na hajawahi kuhama. Baba yake alikuwa fundi viatu. Kaka zake wawili waliikimbia kazi hiyo, mmoja akaenda Himo kuuza mahindi, mwingine akashika usukani wa lori, basi kibanda na vyuma vyote vikabaki kwa binti. Watu walimcheka, mwanamke kukaa barazani na kiatu cha mwanamume mapajani. Viatu vyao vilipotoboka wakaacha kucheka. Leo ana miaka sitini na moja, mjane, ana mtoto mmoja anayeitwa Fahad, na bado kibanda anakifungua kila asubuhi.

Mimi ni Anyesi, Mama Daniel kwa wanaonizoea. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata miwa, nikazaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa sukari. Farasi wa shamba hili, huku tambarare chini ya Shirimatunda, nimewatunza tangu nina miaka ishirini na minne. Majike kumi na moja yamezaa mikononi mwangu. Mnisamehe kujitaja, lakini huyu mwanamke siwezi kumweleza bila kujitaja. Nimejaribu, nimechana karatasi tatu.

Sasa mbio zenyewe, kwa wageni wasiojua. Tunazifanya mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ardhi ikiwa kavu. Wenye farasi wanatoka mpaka upande wa magharibi wa mlima, wanaleta farasi sita au saba. Tukiwaacha wakimbie hivihivi, mshindi atajulikana kabla hajatoka bandani, na wageni watageukia nyama choma. Kwa hiyo farasi hodari anabebeshwa mzigo. Tunafunga mifuko ya ngozi pande mbili za tandiko, ndani yake mchanga uliopimwa kwenye mizani ya zamani ya kahawa. Mwenye mbio kali anabeba kilo kumi na nne, wa kati anabeba saba, mzito habebi kitu. Mpanga uzito ndiye anayekisia mzigo wa kila mmoja, ili wote wafike mwisho pua kwa pua. Akikosea, anazomewa mpaka anatafuta pa kujificha.

Mtu akisikia hivyo anadhani kupanga uzito ni kuwajua farasi tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe farasi yuleyule, kwa mzigo uleule, ni farasi wawili tofauti kwenye udongo mkavu na udongo wenye maji. Na njia yetu ya mbio ina tabia mbili. Upande wa juu ni changarawe nyekundu, ngumu mwaka mzima. Kona ya chini ni udongo mweusi, ule ambao ukilowa unavua viatu vya watu.

Maulida alikuja hapa miaka kumi na minne iliyopita kushona ile mifuko ya ngozi, basi. Wakati ule uzito ulipangwa na marehemu Mzee Ndelilio, ambaye macho yalikuwa yameshamchoka, na kila mtu alijua anayefuata ni mimi. Mwanamke akaja na kikapu chake cha nyuzi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashona siku mbili bila kuinua kichwa. Nilimpelekea chai. Kila nikikumbuka chai ile nasikia uchungu.

Siku ya tatu tuliwakimbiza farasi kwa majaribio. Maulida alikuwa anamalizia mfuko wa mwisho. Wapanda farasi walipita mbele yake wakienda kunywa maji, yeye akawatazama miguuni. Ndivyo alivyo mpaka leo, humsalimia mtu viatu kwanza, uso baadaye. Kisha akasema, kama anayezungumza na uzi wake, "Yule jike mwekundu leo hashindi. Huko chini bado kubichi."

Tulicheka. Jike mwekundu alikuwa farasi wangu, nilimlea tangu anazaliwa, na mwaka mzima hakuna aliyempita. Alimaliza wa nne.

Mzee Theodory alimfuata palepale. "Mama, umejuaje?"

"Vumbi jekundu linadondoka lenyewe mtu akitembea," Maulida akamjibu, akamwonyesha kiatu cha mpandaji. "Lakini tazama hapa kisiginoni. Huu mweusi umeng'ang'ania kwenye mshono. Udongo ukishika uzi wa kiatu, kwato utaiacha? Na jike wako ana kwato ndogo."

Mwaka uliofuata Mzee Ndelilio alipumzika, kazi akapewa Maulida. Fundi viatu! Mtu ambaye hajui farasi anazaa baada ya miezi mingapi. Niliambiwa mbele ya watu, nikapiga makofi pamoja na wengine, nikaenda bandani nikalia nimeegemea shingo ya jike mwekundu. Roho iliniuma, siwafichi.

Afadhali angekuwa hajui kazi. Kila mwaka, siku moja kabla ya mbio, anatembea njia nzima peke yake, kandambili za ngozi miguuni na msharasi mkononi, ule uma wa kutobolea ngozi. Kila hatua thelathini anainama, anauchoma msharasi ardhini, anauchomoa, anaupangusa kwenye kiganja. Halafu anasimama kidogo, anakitazama kiganja. Wageni wanampiga picha. Mimi wamewahi kunipiga mara moja, na nilikuwa nimesimama nyuma ya farasi.

Mwaka mmoja kijiba cha roho kilinizidi nikamuiga. Nilichukua msumari wa inchi sita, nikaizunguka njia asubuhi watu hawajafika. Nikachoma, nikachomoa, nikatazama. Niliona udongo. Kona ya chini nilipata kijiko cha mtu, nikarudi nacho.

Alikuwa tayari kunifundisha, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Ukiwa mkavu," aliniambia siku moja tumekaa kwenye majani makavu ya farasi, "farasi mwepesi anapaa, basi mbebeshe. Ukiwa mbichi, kwa mwenye kwato ndogo kila kilo inakuwa mbili. Mpunguzie, umpe yule mwenye kwato pana, maana huyo topeni anatembea kama yuko sebuleni kwake. Lakini mimi naogopa zaidi udongo mwongo, Mama Daniel."

"Ndio upi huo?"

"Juu mkavu, chini maji. Farasi anaingia na mbio zake zote, anajua kakanyaga ardhi, kumbe kakanyaga ngozi ya maziwa. Ndio unaovunja miguu."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu asiyesikiliza. Nililishika kila neno.

Nilikwenda hata kibandani kwake Majengo, nimejitengenezea sababu ya kifungo cha tandiko kilicholegea, nimwone anavyoishi. Nilitaka nikute uchafu, au ugomvi. Nikakuta watu watano wamekaa wanamsubiri, wanacheka. Akaja mwanamume wa makamo, suruali imenyooshwa, akavua kiatu.

"Natoka Himo," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza kahawa. "Siku mbili nahangaika na mahindi."

Maulida akageuza kiatu. "Himo ya wapi hii, baba? Hili vumbi jekundu ni la migombani huko juu. Tena umesimama karibu na maji ya mfereji." Mwanamume akakohoa, akasema kiatu hakina haraka, atakipitia kesho. Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Basi nifike kwenye siku ambayo Mzee Theodory huwa anaipenda kuisimulia. Ni miaka sita sasa. Yeye huisimulia akiniwekea mkono begani, na ni kwa sababu ya siku hiyo leo anataka kunipa kazi. Ataisimulia tena jukwaani, namjua. Naomba safari hii niisimulie mimi.

Ubavuni mwa kona ya chini kuna shamba la maharage la Hosea. Yeye na wenzake wa juu wanagawana maji ya mfongo, yaani ule mfereji wa asili unaoshuka kutoka mlimani, kila ukoo na zamu yake. Zamu ya Hosea ilikuwa Jumapili, baada ya mbio zetu, na Maulida alilijua hilo, kwa kuwa kila mwaka huuliza. Ijumaa asubuhi alitembea njia nzima na msharasi wake. Kavu kila mahali. Akaandika uzito ubaoni kwa chaki, mwandiko wake ule mzuri. Kiberiti kilo kumi na nne. Gogo hana mzigo. Wengine katikati.

Kiberiti alikuwa farasi mwepesi kuliko wote tuliokuwa nao, miguu myembamba, kwato ndogo, mkali kweli. Gogo alikuwa dume pana la mgeni mmoja wa upande wa magharibi, zito, linalochelewa hata kula.

Ijumaa hiyohiyo mchana, huko juu mlimani ukatokea msiba. Ukoo uliofiwa haushughuliki na maji, kwa hiyo zamu yao ikashuka kwa anayefuata, na anayefuata alikuwa Hosea. Hakuna aliyeleta habari shambani kwetu, nani angefikiria kutangaza zamu ya mfongo kwa watu wa farasi?

Jumamosi jua linachomoza nilikuwa namrudisha Kiberiti kutoka malishoni. Siku ya mbio hairuhusiwi kumwingiza farasi kwenye njia ya mbio, lakini mimi nilikatiza kona ya chini kwa kuwa ndiyo njia fupi. Juu palikuwa pamekauka, pana rangi ya majivu kama kila siku. Hatua ya tatu mguu wa mbele wa Kiberiti ukazama mpaka juu ya kwato. Akashtuka, akajitupa pembeni, nusura aniangushe. Mimi mwenyewe nilizama mpaka kwenye kamba za buti.

Hosea alikuwa ng'ambo ya uzio anapalilia. "Mama Daniel, umeamkaje? Jana nimepata maji, aisee! Zamu imeniangukia tu, sikutegemea. Maharage yamekunywa mpaka yamekataa."

Nikamwambia hongera.

Nilisimama pale nimeshika kamba ya farasi, nikajua kila kitu kwa mara moja. Udongo mwongo. Ubao wa Maulida umeandikwa kwa ardhi kavu. Kiberiti na kilo zake kumi na nne atafika hapa na mbio zote, na atakwama mbele ya wageni mia tatu. Wenye farasi watapiga kelele. Mzee Theodory atauliza nani alipanga uzito huu wa kijinga. Na mimi nitakuwa nimesimama pale karibu, nimevaa fulana yangu safi.

Nilimfikiria Sirili, kijana anayempanda Kiberiti, ambaye mke wake alikuwa amejifungua wiki mbili kabla. Nilifikiria ule mguu mwembamba. Msidhani sikufikiria. Nikajiambia Sirili ni mpandaji mzuri, atamzuia. Nikajiambia Kiberiti ameshajua kwamba pale pabaya, atapakwepa. Mtu mwenye kijicho ana ubunifu wa ajabu.

Nikampeleka Kiberiti bandani kwa mlango wa nyuma. Nikachota maji. Nikachukua kile chuma cha kuchokolea, nikasafisha kwato zote nne, moja baada ya nyingine, mpaka ndani ya mikunjo yake, kisha nikafuta miguu kwa gunia kavu mpaka ikang'aa. Miaka yote nimewafundisha watu kwamba farasi anasafishwa kwanza, mtu baadaye. Nilipomaliza nilisikia wanaita farasi wa kwanza kwenye mizani, nikamshika Kiberiti kamba, nikatoka naye.

Maulida alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ya mizani, kanga mabegani kwa baridi ya asubuhi, ubao nyuma yake. Watu walikuwa wanapita kumsalimia. Mzee Theodory mwenyewe alikuwa amemletea chai. Mkononi! Mimi kwa miaka yote nimechota chai yangu jikoni.

Nikamsimamisha Kiberiti mbele yake. Maulida akanitazama miguuni.

Alitazama muda mrefu kuliko kawaida. Sikuelewa. Nilikuwa namtazama yeye usoni, nimejikaza.

"Umeamkaje, Mama Daniel?"

"Salama, Bi Maulida."

"Na huyu kaamkaje?"

"Mzima kabisa. Unamwona."

Akainua mguu mmoja wa Kiberiti, yeye ambaye huwa anaogopa kuwashika, akatazama kwato. Ilikuwa safi kama sahani. Akauachia polepole. "Mmepitia wapi asubuhi?"

"Huku juu tu," nikasema.

Akanyanyuka. Magoti yalikuwa yameshaanza kumsumbua, ilibidi ashike mizani. Akachukua msharasi wake kikapuni, akaondoka kuelekea kona ya chini, wageni wanamtazama. Ndipo nikajitazama miguuni. Buti zangu zilikuwa nyeusi mpaka kwenye mshono. Tope bichi, limeng'ang'ania kila uzi. Zilikuwa buti alizonishonea yeye mwenyewe.

Dakika zile sina haja ya kuzieleza. Ningeweza kukimbia, ningeweza kumfuata nikamwambia. Nilisimama nimeshika kamba, nikatazama mbele.

Alirudi pindo la kanga limelowa. Akachukua kitambaa, akafuta ubao wote. Kiberiti kilo tano. Gogo, ambaye hakuwa na kitu, kilo tisa. Wengine wote akawageuza. Mwenye Gogo akaruka kama aliyekalia moto. Mzee Theodory akaja mbio.

"Bi Maulida, ubao uliandikwa tangu jana. Kulikoni?"

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Miaka yangu yote pale, majike kumi na moja, yote yangeishia pale kwenye mizani ya kahawa. Maulida akaendelea kupangusa chaki mikononi.

"Kona ya chini imeingia maji ya mfongo," akasema. "Juu hayaonekani. Mama Daniel ndiye kaniambia."

Watu wote wakanigeukia. Mzee Theodory akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Anyesi! Umeokoa mguu wa farasi leo. Pengine na shingo ya mtu." Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata. Sirili alinikumbatia. Nilimsikia moyo wake unavyokwenda, na mimi nikasema, "Si kitu." Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu: si kitu.

Mbio za siku ile wazee bado wanazitaja. Kwenye kona ya chini farasi wote walizama, tope likaruka mpaka kwenye miwani ya wageni, Kiberiti akayumba akasimama tena, akatoka. Farasi wanne walifika mwisho pamoja, na Gogo alishinda kwa urefu wa pua, na kilo zake tisa. Sirili alishuka akasema angekuwa na mzigo wa jana, angebaki kule kule. Alisema akinitazama mimi, kwa shukrani.

Jioni, watu wakikusanya viti, Maulida alinipita. "Lete hizo buti, Mama Daniel. Ya kulia soli imeanza kuachia." Nilimpelekea Jumatatu, akanirudishia Jumatano zimeoshwa, soli mpya, uzi mpya. Hakusema kwangu, hakusema kwa Mzee Theodory, hakusema kwa mtu yeyote. Ningemsamehe kama angenisema. Ningetukana, ningelia, ningehama, mambo yangekwisha. Yeye alininyamazia, akaniachia makofi ya watu niishi nayo.

Mwaka uliofuata nilikata shauri, nikaenda Majengo. Alikuwa peke yake kibandani, ana kiatu cha shule mapajani.

"Bi Maulida, ile siku ya kona ya chini."

"Ile siku ulinisaidia."

"Sikukusaidia. Unajua vizuri sikukuambia kitu. Nilikuficha. Nilitaka waaibike... nilitaka uaibike wewe."

Akapitisha uzi, akauvuta. "Najua."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Ningesema nini? Ungefukuzwa siku ileile. Nani angekaa na majike usiku wa kuzaa, mimi?" Akakata uzi kwa meno. "Mama Daniel, ile chai uliyoniletea siku ya kwanza, wakati nimekaa kwenye ndoo, ulikuwa umemshika mtoto wa farasi mkono mmoja, ananyonya vidole vyako. Mimi hata mbwa hanifuati. Jambo hilo nakuonea wivu mpaka leo."

Alilisema hivihivi, kama anayeuliza bei ya nyanya, akachukua kiatu kingine. Nilirudi Shirimatunda nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Hata wivu ananishinda! Wake ni mwepesi, anautoa mdomoni na kuendelea na kazi. Wangu nimeulisha miaka na miaka, nikakaribia kuvunja nao mguu wa farasi na shingo ya baba wa mtoto mchanga.

Tangu siku ile sijasema tena, na Mzee Theodory amekuwa akiisimulia kila Septemba, mkono begani kwangu. Kila akimaliza, Maulida anatazama viatu vya wageni.

Basi haya ndiyo maisha ya Maulida binti Abdulkarim, fundi viatu wa Majengo, aliyepanga uzito wa farasi wetu miaka kumi na mitatu na hakuna farasi hata mmoja aliyeumia. Mzee Theodory, shikamoo. Najua ukifika hapa utatamani kufunga kijitabu, lakini soma, usiruke mstari. Sirili, popote uliposimama, sikumwambia Maulida. Tope ndilo lililomwambia. Mimi nilikuwa nimesafisha kwato na nimenyamaza.

Kazi ile bado naitaka. Njia nzima nimeitembea wiki hii na msharasi niliomwomba Maulida, na sasa kidogo naanza kuona zaidi ya udongo. Soli aliyonitilia haijaachia mpaka leo, na hilo nalo linaniudhi. Mkinipa kazi baada ya kuyasikia haya, nitaifanya. Mkimpa mwingine, sitalalamika, ila nawaomba kitu kimoja: maisha yake msiniambie mimi niyaandike.